Moshi Kwanza, Ndipo Mzinga

Niseme lile la aibu kabisa mapema, tumalizane nalo: nilisimama. Ukumbi umejaa walimu, maafisa, na profesa mmoja aliyekuja kwa ndege, mimi nikanyanyuka kwenye kiti cha mbele, nikafunga kifungo cha koti, nikapunga mkono kama diwani aliyeshinda. Makofi yalikuwa yanapigwa kweli. Tatizo ni kwamba hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mzee aliyekaa kiti cha pembeni yangu, na yeye akasimama, tukawa wawili tumesimama bega kwa bega tunatazamana kama watu waliofika mlango wa choo kwa pamoja.

Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Alitoka Inyonga kwa basi kuja kuona hilo.

Mpaka leo, hapa sokoni Mpanda, nikinyanyuka tu kwenye kiti, hata kama naenda kujisaidia, lazima mmoja apige makofi. Na mimi nacheka nao. Nacheka kwa sauti kuwazidi wote. Kuchekwa ni kama kuoga maji ya baridi, bora ujimwagie mwenyewe kuliko kumwagiwa.

Sasa nieleze nilifikaje pale.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za watu wanaoomba kazi ambazo mimi mwenyewe siwezi kuomba, maana shule niliishia kidato cha tatu. Baba alifariki tumbaku ikiwa shambani, na tumbaku haijui msiba, majani yakiiva yameiva. Nikarudi Inyonga kuchuma, nikamwambia mama nitaendelea na shule msimu ukiisha. Naona huo msimu bado unaendelea.

Pembeni ya kopi nilikuwa nahariri video za harusi. Video inataka mashine yenye nguvu, kwa hiyo nilikuwa na kompyuta moja kubwa, ukiiwasha inavuma kama mashine ya kusaga. Wateja wapya wanadhani tunakoboa mpunga. Hiyo kompyuta ndiyo iliyomleta Ticha.

Ticha alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari. Mtu wa mjini, mpole, shati limechomekewa mpaka Jumapili. Alikuwa anafundisha huku anasoma shahada yake ya juu. Siku hiyo aliingia na flashi mkononi, akaizunguka kompyuta yangu kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

“Fundi, hii ina nguvu kiasi gani?”

“Inamrusha bibi harusi juu, na maua yanadondoka, na haikwami.”

“Naomba niweke programu yangu humu. Laptop yangu inazima hesabu ikiwa katikati.”

“Hesabu gani hiyo inaua kompyuta?”

“Ya herufi,” akasema.

Nikacheka. Za namba zilinishinda, sasa wameleta za herufi, si wanataka kunimaliza kabisa.

Akaiweka. Mimi nilitegemea picha, rangi, vitufe vya kubonyeza. Hakuna. Kioo cheusi tu, na kijimstari kinapepesa kinakusubiri useme. Programu zingine za hesabu unazipa namba zinakupa namba. Hii unaipa herufi, inakurudishia herufi. Na ina ukali wake mmoja: haikubali kitu kibadilishiwe nafasi ovyo. Shuleni tulifundishwa tatu mara tano na tano mara tatu ni mamoja. Humu ndani, a ikitangulia b ni habari moja, b ikitangulia a ni habari nyingine, na hupindui mpaka umeiambia kwa sheria ni nini kitabaki ukishapindua.

“Ticha, hii programu yako mbovu,” nilimwambia. “Hata mimi wa kidato cha tatu najua ab na ba ni kitu kilekile.”

“Sio mbovu. Kuna vitu ukivigeuza mpangilio havibaki vilevile.”

“Kama nini?”

Akaanza kunieleza habari za vitu vinavyozungushwa hewani, na chembe ndogo ambazo ukizipima hivi kwanza na vile baadaye majibu yanakataa kufanana. Mimi natikisa kichwa kama mtu aliyeingia kanisa la lugha nyingine. Halafu ghafla ikanijia.

“Aa! Kama kurina asali!”

“Kivipi?”

Nikamweleza. Kwetu, baba alikuwa mrina asali. Kazi pale juu ya mti ni mbili: kufukiza moshi na kufungua mzinga. Moshi kwanza, ndipo mzinga: nyuki wanapoa, unatoa masega yako, unarudi nyumbani unaimba. Mzinga kwanza, ndipo moshi: kazi ni zilezile mbili, mtu yuleyule, mti uleule, lakini unarudi nyumbani sura imekuwa boga. Mimi nilishafanya hilo jaribio. Nilikuwa mdogo, nataka kuonyesha nimekua, nikapanda baba akiwa bado chini anapuliza magome yashike moto. Nilikaa ndani sioni, mama ananinywesha uji, na watoto wa jirani wanaletwa kunitazama kama maonyesho ya sabasaba.

“Kwa hiyo, Ticha,” nikamalizia, “ab toa ba, hapo si sifuri. Jibu ni uvimbe.”

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alitoa kalamu, akasema, “Hebu rudia.”

Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Kumbe hesabu niliyoambiwa siiwezi, nilikuwa nimeshaibeba usoni kabla hata sijaanza shule, ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ile nayo inahesabika.

Ikawa mazoea. Anakuja akimaliza vipindi, anaweka sheria zake, mashine inaanza kuvuma. Sheria zenyewe ni za hivi: popote ukikuta ba, futa, andika ab jumlisha moja. Mashine inafuta na kuandika mpaka pasiwe na cha kufuta. Shida iko kwenye neno kama cba. Kuna sheria inaitaka cb, kuna nyingine inaitaka ba, na ile b ya katikati inadaiwa na wote wawili. Ukianzia huku unatokea kwingine, ukianzia kule unatokea kwingine kabisa. Sasa programu inatunga sheria mpya ya kuwapatanisha. Halafu hiyo mpya inagombana na za zamani, inatungwa nyingine.

“Hili tunalo hapahapa,” nikamwambia Ticha. “Mkulima na mfugaji na lile shamba la katikati. Wakikaa kikao cha usuluhishi, kikao kinazaa ugomvi mwingine wa kukaliwa kikao.”

Hapo alicheka, na akaandika tena.

Kuna usuluhishi mashine iliuvumia kutwa nzima ukaisha vizuri. Mwingine haukuisha, na Ticha akasema kuna ambao hauishi milele, hata uipe mashine kubwa kama nyumba. Kazi yangu mimi ilikuwa ulinzi. Umeme wetu unaujua mwenyewe. Ukikatika mashine ikiwa katikati, yote yamepotea, unaanza moja. Kwa hiyo nilikuwa nakaa na jenereta miguuni kama mtu na mbwa wake, taa ikipepesa tu nishainuka. Harusi za watu nikazisogeza kando. Kuna bibi harusi mmoja alikabidhiwa video yake akiwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto anacheka.

Ticha alikuwa na mpango. Kila kilichoandikwa kuhusu hiyo programu kilikuwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha watu wanaojuana. Alitaka mwongozo wa Kiswahili, walimu na wanafunzi wa huku nao waijaribu. Kulikuwa na chuo kikuu kinamtaka, na mwongozo kama huo ungemfungulia mlango. Akaanza kuuandika. Nikausoma, nikamwambia ukweli, “Ticha, hii ni kama tangazo la kuhamisha makaburi.”

“Basi iseme wewe unavyoisemaga.”

Nikaisema. Yeye anachapa, mimi nasema. Baadaye akachoka, nikawa nachapa mwenyewe na yeye anakagua hesabu. Mzinga ukaingia. Mkulima na mfugaji wakaingia. Ugali ukaingia, maji kwanza ndipo unga, na kinachotokea bwana akiachiwa jiko akaanza na unga. Nilikuwa nachapa huku nacheka peke yangu dukani. Mteja anauliza kopi yangu iko wapi, namwambia ngoja kidogo, nafundisha taifa.

Siku tuliyoumaliza, Ticha alinipa mkono. “Fundi, hii kazi ni yetu wawili. Jina lako litakuwemo. Na siku ya uzinduzi nitakusimamisha, watu wakuone.”

Nitakusimamisha. Hilo neno sikulitunga mimi.

Nikampigia mama.

“Mama, jina langu litasomwa mbele ya maprofesa.”

“Mungu wangu, umefanya nini?”

“Kitu kizuri, mama.”

“Jina linasomwa mbele ya wakubwa, halafu kizuri? Wamekushika?”

“Hesabu, mama. Nimeandika kitabu cha hesabu na mwalimu mmoja.”

“Hesabu? Wewe?”

Usimcheke. Mama alikuwa na haki. Ninachotaka ujue ni hiki: mama yangu ana sanduku la bati, na ndani ya hilo sanduku kuna sweta langu la shule. Limekunjwa, limewekewa dawa ya nondo. Kila mwaka analitoa, analianika juani, analirudisha. Hajawahi kusema kwa nini, na mimi sijawahi kuuliza, maana jibu nalijua. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka asikie jina la mwanawe likiitwa na watu waliosoma, mara moja, basi. Labda angempa mtu lile sweta.

Suti sikuwa nayo. Rafiki yangu alikuwa nayo. Yeye ni bodaboda, kijiwe chake kiko mbele ya mlango wangu. Mtu wa Mishamo, kule kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake waliingia kama wakimbizi toka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, na ukimuuliza kabila anakujibu, “Nyie ni raia wa kuzaliwa, mimi ni raia wa kusomwa jina.” Suti ilikuwa ya harusi yake.

“Niliivaa siku moja tu, nikaoa,” aliniambia akinikabidhi. “Kwa hiyo ujue ina nguvu. Ila mkono usiunyanyue sana, kwapa lake jepesi.”

Siku yenyewe yeye ndiye aliyenipeleka, maana Ticha alinipigia asubuhi akaniomba nije na jenereta, umeme wa ukumbini haueleweki. Nikaona ni sawa, mwenye kazi ndiye anayebeba. Basi nikapita mjini Mpanda juu ya pikipiki, nimevaa suti, nimepakata jenereta kama mtoto anayepelekwa kliniki. Watu wananipigia mbinja. Mimi napunga mkono kidogokidogo, nakumbuka kwapa.

Mama alikuwa ameshafika. Kitenge kipya, na chupa ya asali kwenye mfuko. “Ya mwalimu wako,” akasema. Nikamtafutia kiti nyuma, karibu na mlango, apate hewa.

Ticha akaniona. “Fundi, wewe kaa hapa mbele.” Mstari wa kwanza, pembeni ya afisa mmoja mzee mwenye kitambi cha heshima. Nikakaa, nikageuka nimwangalie mama kama ameona. Ameona. Sasa laiti ningeangalia chini badala ya nyuma, ningeona waya wa projekta unapita katikati ya miguu yangu. Sikuwekwa mbele kwa heshima. Niliwekwa kwenye waya.

Ticha akaanza kuongea. Na aliongea vizuri, sitamnyima chake. Akaonyesha programu, akachapa herufi, ukutani zikatokea kubwa kama mabango. Akasema kuna vitu ukivigeuza mpangilio havibaki vilevile. Profesa anatikisa kichwa. Halafu Ticha akaweka mikono mfukoni, akatabasamu, akasema:

“Mimi hili jambo sikulijulia chuoni. Nililijulia kwa babu yangu, mrina asali. Babu alikuwa ananiambia, mjukuu wangu, moshi kwanza, ndipo mzinga.”

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Profesa akaandika.

Babu yake. Ticha kwao ni mjini, nyuki anawajua kwenye picha ya kopo la asali. Na hakuishia hapo. Akasimulia mpaka uvimbe. Akasema ni yeye aliyepanda mti, ni yeye aliyevimba. Sura yangu, jamani. Mtu anaweza kukuibia kuku, anaweza kukuibia baiskeli. Huyu aliniibia kuvimba.

Nikageuka. Mama alikuwa ameinamia jirani yake anamuuliza kitu, na yule jirani anainua mabega.

Nikajisemea, tulia. Ametangulia na utani, sasa hivi atasema mwenyewe ni nani. Ndivyo watu waliosoma wanavyoongea, wanakuzungusha kwanza. Na kweli, alipofika mwisho akasema, “Sasa kuna mtu mmoja. Yuko hapa mbele. Bila yeye siku ya leo isingekuwepo. Naomba asimame watu wamwone.”

Mambo mengine umeshayasikia. Kifungo, mkono juu, makofi. Na nilipounyanyua ule mkono, kwapa likaachia, trrr, na ukumbi ulikuwa umeshanyamaza kwa sababu pembeni yangu afisa alikuwa anasimama taratibu, na yeye ndiye aliyekuwa ametoa ukumbi na vibali.

Ticha aliniangalia. Naapa niliona amekumbuka. Nukta moja hivi, niliona lile neno “nitakusimamisha” linampita usoni. Halafu akachagua.

“Na huyo ni kijana wetu wa jenereta,” akasema kwenye kipaza sauti, “naye kaona wivu. Mpigieni na yeye!”

Wakanipigia. Wakacheka wakanipigia. Mimi na Ticha tunalingana umri, kama simzidi. Kijana! Nikainama kidogo kama msanii, nikachekacheka, nikakaa nimebana mkono mbavuni. Hapo ndipo nilipojua kucheka ni kipaji changu kweli, maana kilitoka chenyewe bila mimi.

Vitabu vikagawiwa. Jalada lina jina la Ticha, na picha ya Ticha ameshika kidevu. Nikafungua. Maneno yangu yalikuwemo, ila walikuwa wameyafua na kuyapiga pasi. Pale nilipoandika unarudi nyumbani sura imekuwa boga, pameandikwa matokeo hutofautiana. Bwana aliyeanza na unga wamemtoa kabisa, nadhani hakuwa na vyeti.

Jenereta lililokuwa linaendesha ukumbi likakohoa. Nikatoka. Profesa alikuwa ameshika kipaza sauti, madirisha yamefungwa mapazia ili picha ionekane. Nikachuchumaa pale nje, mkono juu ya swichi. Kidole kimoja tu, na wote wanakaa gizani, na maneno ya babu wa Ticha yanafutika ukutani. Nilikaa hivyo. Ila nikafikiria mama naye yuko mle ndani, na macho yake siku hizi gizani hayaoni vizuri, atajigonga. Nikamimina mafuta.

Walipotoka, mama alimfuata Ticha mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunja waya, nikawaona. Akatoa chupa ya asali kwenye mfuko, akapiga goti kidogo kama anavyowasalimia watu wa maana, akamwambia, “Shikamoo, mwalimu.”

Ticha akababaika. “Marahaba... aa, hapana, mama, shikamoo wewe.”

“Shika hii, baba. Ni asali ya babu yako.”

Ticha akaipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akashukuru tena. Sijui kama alielewa pale pale au alielewa alipofika nyumbani akaionja. Mama akakunja mfuko wake, akaja nilipo.

Mimi ndiye niliyengoja aniambie kitu. Tukatembea mpaka kwangu, yeye mbele, mimi nyuma na jenereta, suti inapitisha upepo. Karibu na mlango ndipo akauliza, “Yule mzee mliyesimama wote, ni nani?”

“Afisa, mama.”

“Ulimzidi urefu,” akasema. Akaingia ndani kuoga.

Kesho yake akapanda basi. Sweta bado liko kwenye sanduku. Nimeuliza kwa mdogo wangu anayeishi naye, ameniambia mwaka huu kalianika tena.

Ticha alikuja wiki ileile kuchukua flashi. Alikuja saa ya wateja wengi, nadhani makusudi.

“Fundi, usijisikie vibaya. Haya mambo ya kisomi yana utaratibu wake. Jina likikaa pale halina cheti, watu wanaitilia shaka kazi nzima. Nilikuwa nailinda kazi yetu.”

“Na babu?”

“Babu yupi?”

“Wa nyuki.”

Akacheka kidogo, akaangalia wateja. “Ah, ule ulikuwa mfano tu.”

Nikamrudishia flashi. Mteja mmoja aliyekuwa ananisubiri nimtolee kopi akauliza, “Huyu si yule mwalimu wa kwenye kitabu?” Nikamjibu ndiye, mtu mkubwa sana huyo, babu yake alikuwa mrina asali. Wateja wakamtazama kwa heshima. Ticha akaondoka haraka. Sasa hivi yuko chuo kikuu. Nasikia wanafunzi wanampenda kwa sababu anachekesha.

Programu hajaitoa kwenye mashine yangu, na mimi sijaifuta. Siku zisizo na wateja naifungua, kile kijimstari kinapepesa kinaningoja. Naandika ab toa ba. Haijawahi kunijibu sifuri. Naandika tena, inanijibu vilevile. Ticha alikuwa na sheria zake na alizipindua alipotaka. Mashine haipindui. Siku nyingine nakaa nayo mpaka chai inapoa.

Suti niliipeleka kwanza kwa fundi cherehani, ndipo nikamrudishia mwenyewe. Ilikuwa jioni, rafiki yangu amekaa juu ya pikipiki yake anasubiri abiria. Aliponiona nakuja akateremka, akapiga makofi peke yake, makofi marefu ya ukumbini, mpaka muuza mahindi akageuka.

“Mheshimiwa kasimama!”

“Cheka tu,” nikamwambia. “Kwapa nimelishonesha.”

Akaigeuza suti, akakagua mshono kwa kidole. Nikadhani atadai mshono haukufanana. Akawa anaukagua muda mrefu kuliko ulivyostahili.

“Unajua baba yangu alisubiri karatasi za uraia mpaka mvi zikaisha kichwani,” akasema. “Siku majina ya waliopewa uraia yanasomwa pale Mishamo tulikaa kiwanjani toka asubuhi. Karani akasoma la baba. Kimya. Akarudia kwa nguvu, akadhani ni kiziwi. Baba tulikuwa tumemzika msimu wa mvua uliotangulia. Mama anatuangalia sisi, sisi tunaangalia majani. Karani akapita, akasoma la mwingine.”

Nikamshikia mikono ya koti.

Akaikunja suti, akaiweka chini ya kiti cha pikipiki, akapanda, maana abiria alikuwa amemwita kutoka ng'ambo ya barabara. Akawasha.

“Wewe kusimama hujaitwa, hicho ni kichekesho, kaka, watu watachoka,” akasema. “Ubaya ni jina kuitwa, halafu hakuna wa kusimama.”